Mwongozo: Wanachama wa Kikundi cha Eli Halisi Wanataka Nini, na Kamati Ifanyeje

Mtu akiingia kwenye kamati ya kikundi cha wapenzi wa eli halisi hapa Uingereza, haipiti miezi mingi ananiandikia swali lilelile: orodhani wamo wanachama mia na kitu, kikaoni wanakuja saba walewale, sasa hawa wengine wanataka nini? Wengi wanaouliza ni wenzetu waliohamia mji mpya, wakakaribishwa na kikundi cha mtaa, na kabla hawajazoea basi la kuwarudisha nyumbani wameshapewa ukatibu. Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote anayetaka kuanzisha kikundi chake mwenyewe na majirani.

Jibu langu ni hili: usikisie. Waulize wamefanya nini, si wangependa nini, kisha wape mambo machache yaliyofanywa vizuri. Kikundi kinachojaribu kumfurahisha kila mtu huishia kuwa na vikao virefu na bia mbovu.

Kwa asiyeijua eli halisi

Ni bia ya Kiingereza inayomalizia kuchachuka ndani ya pipa lilelile inamotolewa, na hutolewa bila kusukumwa na gesi kutoka nje. Hamira bado iko hai chini ya pipa. Kegi kwa kawaida ni kinyume chake: bia imechujwa, imetulia, na gesi ndiyo inayoipandisha hadi kwenye bomba. Aliyezoea kegi ya Kenya au lager iliyotoka kwenye friji atashangaa kidogo, maana eli hukaa kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Ina ubaridi, lakini si wa kuuma meno. Anayeagiza Tusker yake isiyotoka kwenye friji hatapata taabu hata kidogo.

Pipa la kawaida pabuni ni firkin, galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Likishafunguliwa, hewa inaanza kazi yake, na ndani ya siku tatu hivi linapaswa kuwa limeisha. Aliyekunywa mbege Moshi anaielewa hali hii bila kufundishwa: bia hai haikungoji. Kumbuka jambo hili moja, kwa sababu nusu ya malalamiko ya wanachama yanatoka hapo.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya wanachama iliyo safi, na ruhusa ya kuwaandikia. Kama kikundi chenu ni tawi la CAMRA, chama cha kitaifa cha kutetea eli halisi, orodha ina mtu wake maalumu na masharti yake, mwulize kwanza. Kama ni kikundi huru, bado sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2018 inawahusu. Usitume barua pepe moja yenye anwani za watu wote zikionekana.
- Ramani ya pabu zote za eneo lenu zinazouza eli halisi, zikiwemo zile ambazo kamati haizipendi.
- Ratiba ya mabasi na treni za mwisho usiku. Sisemi hivi kwa mzaha: ratiba hii itaamua mengi kuliko katiba yenu.
- Chumba au kona ya pabu siku yenye utulivu, Jumatatu au Jumanne. Wenye pabu wengi hawatozi kitu siku hizo, ilimradi watu wanunue vinywaji.
- Mtu mmoja asiye kwenye kamati, anayeaminika, wa kusoma majibu pamoja nawe. Huyu usimruke.

Hatua ya 1: Jua una watu wa aina gani

Chukua orodha, kaa na watu wawili wanaowajua wanachama kwa sura, mpite jina kwa jina. Kila kikundi nilichokiona kina watu wa aina zifuatazo, kwa vipimo tofauti.

Wapo wanaowinda bia mpya. Hawa wana daftari, kila bia wanaiandika jina, kiwanda na tarehe, na wanaweza kupanda treni mbili kwa ajili ya nusu painti ya bia ambayo hawajawahi kuionja. Wapo wanaotaka kampani: bia ni sababu tu ya kukaa na watu. Wapo wanaharakati, ambao mioyo yao iko kwenye pabu yenyewe, jengo na mtaa wake. Wapo wachapakazi wa tamasha, ambao hutawaona mwaka mzima ila wiki ya kubeba mapipa. Na lipo kundi kubwa kuliko yote, la wanaolipa ada wasionekane kabisa.

Usiwadharau hawa wa mwisho. Wengi wao hawana kinyongo. Wamelipa kwa sababu wanaamini jambo lenyewe, kama mtu anavyotoa mchango wa msikiti au kanisa la kijijini kwao. Wanachotaka ni kuona kwamba pesa yao inafanya kazi. Jarida zuri mara nne kwa mwaka linawatosha.

Hatua ya 2: Tuma dodoso la maswali matano

Matano yanatosha. Ukifika kumi, watakaojibu ni walewale saba. Haya ndiyo ninayopendekeza:

1. Mara ya mwisho ulikuja kwenye shughuli gani ya kikundi, na ilikuwa lini?
2. Nini kilikuzuia kuja iliyofuata: siku, saa, usafiri, pesa, afya, au hukumjua mtu?
3. Mwezi uliopita ulikunywa eli halisi katika pabu gani, na ilikuwa katika hali gani?
4. Ni pabu gani ya hapa ambayo ikifungwa utaumia?
5. Ukiombwa saa mbili tu mwaka huu, ungefanya nini: kubeba, kuhudumu kaunta, kuandika, kusambaza jarida, au hapana?

Ona kwamba hakuna swali la "ungependa". Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuuliza, "Je, ungependa ziara zaidi za viwandani?" Nani atakataa? Watu wote wanatia tiki, kamati inakodi basi la viti 49, siku ya safari wanatokea 14 na deni linabaki kwa mweka hazina.

Acha pia nafasi ya kujibu "hapana" bila aibu katika swali la tano. Mtu aliyelazimishwa kujitolea hatakuja, na mwaka unaofuata hatajibu dodoso.

Chapisha nakala za karatasi pia, uziache kaunta za pabu mbili tatu. Wapo wazee ambao hawajibu barua pepe lakini kalamu wanayo mfukoni.

Hatua ya 3: Nenda kaunta ukasikilize

Dodoso litakupa nusu. Nusu nyingine iko pabuni, na inataka subira. Nenda siku mbili tofauti za wiki, mchana mmoja na jioni moja, ukae karibu na kaunta. Nunua nusu painti, usilete karatasi. Uliza, "Leo ipi iko vizuri?" kisha nyamaza. Swali hilo linafungua mlango kuliko "kikundi chetu unakionaje?"

Kwenye kikundi chetu kuna mama mjane ambaye uanachama wake ulianza na marehemu mumewe. Kwenye dodoso aliandika kwamba ratiba ni nzuri. Kaunta ndipo aliposema kwamba anapenda matembezi yetu, ila kituo cha basi cha pabu ya mwisho hakina taa, na hataki kusimama pale peke yake saa nne usiku. Hilo hakuna dodoso lingeliuliza. Tulichofanya ni kuipanga ile pabu iwe ya kwanza badala ya ya mwisho, basi.

Wasikilize hasa wasiofanana na kamati: wanawake, vijana, walioingia mwaka huu, na wenzetu wahamiaji. Mara nyingi kinachowazuia ni vitu vidogo vinavyoweza kurekebishwa: choo, taa, au utani wa mtu mmoja anayedhani anachekesha.

Hatua ya 4: Yapange majibu, na ukubali kwamba hayatakubaliana

Gawa majibu katika mafungu: ubora wa bia, kampani, kujifunza, kutetea pabu, na faida za mfukoni kama punguzo la bei. Mkae na yule msomaji wa nje, kila mmoja apange peke yake, kisha mlinganishe.

Msishangae mkikuta wanachama wanavutana. Hata CAMRA, chama kilichoanzishwa mwaka 1971 na vijana wanne wa Kiingereza wakiwa safarini Ireland, kilipitia hali hiyo. Mwaka 2016 kilianza kuwauliza wanachama wake mwelekeo wa chama. Aprili 2018, katika mkutano mkuu uliofanyika Coventry, pendekezo la kukipanua kiwatetee wanywaji wa bia za aina zote lilipata takriban asilimia 72 ya kura, wakati kanuni ilitaka 75, likaanguka. Watu wengi walitaka mlango upanuliwe. Wengine waliona eli halisi ikiachwa itakuwa yatima. Pande zote mbili waliipenda bia hiyohiyo.

Somo kwa kamati ndogo ni la kiutendaji: usitafute jibu moja. Tafuta mambo mawili au matatu ambayo kila fungu litapata chake, na uanze na lile ambalo hakuna anayelipinga, yaani bia iwe nzima.

Hatua ya 5: Simamieni ubora wa painti

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wanachama wa aina zote wanapokutana. Mwindaji wa bia mpya na yule wa kampani wote wanaudhika wakipewa painti iliyochoka.

Kwanza wafundishe wanachama kinachotokea chini ya pabu. Omba mwenye pabu mmoja awachukue watu sita kwenye stoo yake ya mapipa, asubuhi kabla hajafungua. Watakachoona kinabaki kichwani: pipa limelazwa ubavu juu ya kitanda chake, limetulia, haliguswi tena. Juu tumboni lina tundu lenye kizibo, na katikati ya kizibo mwenye pabu anapigilia kijiti cha mti laini unaopitisha hewa. Gesi inapumua kupitia kijiti, povu linachuruzika pembeni, naye analifuta, anasubiri, analifuta tena. Povu likipungua kasi, anabadilisha, anaweka kijiti kigumu ili gesi iliyobaki isitoroke yote. Bomba linapigwa kwa nyundo ya mbao mbele ya pipa, kwa pigo moja la uhakika. Akisitasita, bia inamrukia usoni. Kisha inaachwa itulie hadi hamira ishuke chini. Mwanachama aliyeona kazi hiyo hatamdharau tena mwenye pabu, wala hatakubali painti ya ovyo kutoka kwa asiyejali.

Pili, wafundishe kupima. Mizani ya CAMRA ni ya 0 hadi 5: sifuri ni pabu isiyo na eli halisi siku hiyo, 1 mbaya, 2 ya wastani, 3 nzuri, 4 nzuri sana, 5 kamili. Nusu zinaruhusiwa. Tahadhari kubwa: unapima hali ya bia, si kama unaipenda. Ukichukia porter, ile bia nyeusi, porter iliyotunzwa vizuri bado ni 4. Alama za chuki zinaumiza pabu, maana matawi hutumia alama hizo kuchagua pabu za kuingia kwenye kitabu cha mwongozo cha kila mwaka.

Tatu, wape watu lugha ya makosa ya bia:

- Harufu ya siki: hewa na bakteria wameingia, bia imekaa sana. Rudisha.
- Ladha ya siagi nzito mdomoni: mara nyingi bia haikumaliza kuchachuka vizuri, au mabomba ni machafu.
- Ladha ya karatasi ya boksi iliyolowa: bia imezeeka kwa hewa.
- Harufu ya mayai au kiberiti kilichowashwa sasa hivi: usikimbilie kulalamika. Bia za Burton upon Trent zina desturi hiyo kwa sababu ya madini ya jasi yaliyomo kwenye maji ya huko, na harufu hupotea ndani ya dakika chache.
- Ukungu, yaani bia isiyo angavu kwenye glasi: uliza kwanza. Viwanda vingi siku hizi vinaacha bia bila kuisafisha makusudi. Kama haikutakiwa kuwa na ukungu, basi pipa halikutulia au limefika mwisho.

Kwa desturi, bia husafishwa kwa mabondo, vile vibofu vya samaki vilivyokaushwa. Kwa hiyo asiyekula nyama wala samaki ana haki ya kuuliza, na kamati inapaswa kuwa na jibu.

Kurudisha painti kuna adabu yake. Onja, ukiona kasoro rudi mara moja glasi ikiwa imejaa, sema kwa sauti ya chini, "Samahani, naona pipa hili linaishia, unaweza kulionja?" Usimrudishie glasi iliyobaki robo ukadai bia ilikuwa mbovu. Na usimtangaze mwenye pabu kwenye kundi la WhatsApp kabla hujazungumza naye ana kwa ana. Pabu ngapi zimevunja urafiki na kikundi kwa picha moja ya glasi yenye ukungu!

Hatua ya 6: Fanya jioni ya kuonja

Wanaotaka kujifunza watakuja, wa kampani watakuja, na wageni wataona mlango uko wazi. Hesabu yake ni rahisi. Uingereza inaruhusu kuuza kwa theluthi ya painti, karibu mililita 190. Kwa watu 12 na bia nne, kila bia inahitaji painti 4, yaani jagi moja kubwa. Jumla ni painti 16, na kila mtu atakuwa amekunywa painti moja na theluthi, hapo anaweza kusimama, kuongea na kukumbuka.

Panga kutoka nyepesi kwenda nzito. Mimi huanza na mild, eli laini isiyo na uchungu mwingi, yenye kilevi cha asilimia tatu na kitu, nikafuatia na bitter, eli yenye uchungu kiasi, kisha porter, na bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) nikaiweka mwisho, kwa sababu uchungu wa hopsi unakaa kwenye ulimi na kuziba zinazofuata. Mei ni mwezi mzuri kuianza na mild, maana matawi mengi huipigia debe mwezi huo na utaikuta kirahisi.

Weka mkate mkavu, jibini na maji mengi. Usiweke krispi za viungo vikali. Usisome maelezo ya kiwanda kabla watu hawajaonja, watarudia ulichosoma. Waache wasiokunywa pombe wawe na cha kwao cha maana, si juisi ya boksi ya watoto: bia nzuri zisizo na kilevi zipo sasa, na chai ya moto haijawahi kumtupa mtu. Mwenza wa mwanachama akikaribishwa vizuri, mwanachama atarudi.

Hatua ya 7: Tengeneza kalenda nyepesi

Jambo moja la kutoka kila mwezi, jioni moja ya kuonja kila robo mwaka, ziara moja ya kiwanda kwa mwaka. Inatosha. Badilisha siku: ukipanga kila kitu Jumanne usiku, umewafungia nje wauguzi, madereva na wapishi, na kati ya wenzetu hapa wengi ndio hao.

Matembezi yawe ya pabu tatu, si saba. Andika saa ya kufika kila pabu ili anayechelewa ajue atawakuta wapi. Usilazimishe kununuliana raundi. Mwenye kipato kidogo ataona aibu, atalipa raundi moja ya watu wanane, na hutamwona tena. Kila mtu ajinunulie, anayetaka kumnunulia rafiki yake amnunulie.

Kuhusu kuendesha gari, msimamo wangu ni mmoja: shughuli ya kikundi ifikike kwa basi, treni au miguu. Kiwango cha sheria hakifanani kote, Scotland tangu Desemba 2014 ni kikali kuliko England, na kamati isiwe mahali pa kupigia hesabu za painti na usukani.

Kikao cha kamati kisizidi saa moja, na kiishe kabla ya saa tatu usiku. Wanachama wengi hawataki vikao kabisa, na wana haki.

Mkifikia kufanya tamasha dogo ukumbini, England na Wales kuna taarifa ya shughuli ya muda inayopelekwa halmashauri kwa pauni 21, si chini ya siku 10 za kazi kabla, na watu wasizidi 499 kwa wakati mmoja. Mapipa yafike mapema ya kutosha kutulia. Tamasha la kwanza lenye firkin nane zilizotunzwa vizuri linazidi lenye thelathini zenye ukungu.

Hatua ya 8: Muwe tayari pabu ikitishiwa

Rudi kwenye jibu la swali la nne. Pabu zilizotajwa mara nyingi ndizo za kuwekewa macho kabla ya hatari, si baada ya mbao za madirisha kupigiliwa.

England, sheria ya 2011 iliruhusu jamii kuiombea pabu isajiliwe kama mali yenye thamani kwa jamii. Kundi lisilosajiliwa linaweza kuomba likiwa na watu wasiopungua 21 walio kwenye daftari la wapigakura la eneo husika. Chini ya utaratibu huo, mmiliki akitaka kuuza, jamii ilipewa wiki 6 za kusema kama inataka kununua, na ikisema ndiyo, muda wa kutafuta pesa ukafika miezi 6. Sheria hizi zinaguswa mara kwa mara, hivyo waulize halmashauri taratibu za sasa kabla hujajaza fomu. Tangu Mei 2017 pia, kubomoa pabu au kuigeuza duka huko England kunahitaji kibali cha mipango miji, na kila mkazi anaweza kuandika pingamizi.

Kwenye fomu, usijaze sifa za bia. Andika nani anatumia jengo: klabu ya mishale midogo ya kurusha ubaoni, mazishi yanayofanyiwa chakula pale, kwaya, timu ya watoto, wazee wa Alhamisi. Afisa wa halmashauri anapima faida kwa jamii. Ndiyo maana nasema wanaharakati na watu wa kampani wasitengane, kwa sababu wa kampani ndio ushahidi.

Hatua ya 9: Warudishie majibu

Ndani ya mwezi mmoja, waandikie wanachama wote ukurasa mmoja: mlituambia hivi, tutafanya haya matatu, haya mawili hatutaweza na sababu ni hii. Weka tarehe na majina ya waliokubali kazi. Kikundi kisichorudisha majibu kinawafundisha watu wasijibu tena.

Mambo yakikwama

*Wamejibu kwa wingi, lakini hawaji.* Angalia swali la pili. Kama wengi wameandika "simjui mtu", mteue mwenyeji kwa kila shughuli, mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusimama karibu na mlango, kumjua mgeni kwa jina na kumtambulisha kwa wawili. Asiwe mwenyekiti, mwenyekiti ana watu wake.

*Wazee wawili wameteka kila mazungumzo.* Wana maarifa ambayo hutayapata kwingine. Wape kazi yenye mwanzo na mwisho: kuandika historia ya pabu moja kwa jarida, au kuongoza ziara ya stoo ya mapipa. Wakiwa na jukwaa lao, watapunguza kulitafuta katikati ya kikao.

*Vijana wanakunywa kegi na wanachekwa.* Simamisha kicheko hicho hadharani, mara ya kwanza tu kinapotokea. Kisha mnunulie yule kijana theluthi ya eli ya dhahabu, umwache aamue mwenyewe. Nimeona wengi wakivuka kwa njia hiyo, sijaona aliyevuka kwa kuchekwa.

*Mwenye pabu amekasirishwa na alama mlizompa.* Mtume mtu mmoja, mchana, bila daftari. Asikilize kwanza. Mara nyingi kuna sababu: mashine ya ubaridi imeharibika, au mauzo ni madogo na ana aina sita za bia ambapo mbili zingetosha. Mshauri apunguze aina, kwa sababu pipa linaloisha kwa siku mbili ni zuri kuliko chaguo sita zilizochoka. Wapeleke wanachama pale wiki ile anayojaribu mpango mpya, ili mapipa yaishe.

*Wanaotaka punguzo tu.* Wapo, na si dhambi, painti imepanda bei. Tafuta pabu mbili zinazotaka wateja siku za katikati ya wiki, mkubaliane punguzo dogo kwa kadi ya uanachama. Lakini usiombe punguzo kwenye pabu inayopumulia mashine.

*Hakuna anayetaka kuwa katibu.* Gawa kazi hiyo vipande vitatu: mmoja kumbukumbu za kikao, mmoja barua pepe, mmoja kalenda. Kisha rudi kwenye majibu ya swali la tano, uwapigie simu walioandika "kuandika". Wapigie, usiwatumie ujumbe.